Kibarua wa Mwezi Mzima Si Kibarua Tena Kisheria

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwenye barabara zinazoingia viwandani Athi River, watu husimama langoni wakisubiri kuitwa. Msimamizi hutoka, huhesabu vichwa, huwaingiza anaowataka, na waliobaki hurudi Mlolongo au Kitengela kujaribu tena kesho. Miongoni mwa wanaoingia wamo ambao wamepita lango hilohilo kila siku ya kazi kwa mwaka wa pili au wa tatu sasa. Wanaijua mashine na kelele zake, na wageni wakija, wao ndio wanaowafunza. Lakini wakiulizwa wameajiriwa vipi, jibu huwa moja: "Mimi ni kibarua tu."

Shida iko kwenye hiyo "tu". Wengi huamini kwamba anayelipwa kwa siku hana likizo, hana notisi, hana pa kulalamikia, na kwamba akiambiwa kesho asije, basi mambo yameisha. Kwa mtu aliyefanya kazi siku mbili, hilo ni karibu na ukweli. Kwa mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, si kweli hata kidogo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inaeleza kibarua ni nani kwa maneno machache. Ni mtu ambaye makubaliano yake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Anayeitwa kupakua lori la saruji, kuchimba shimo la choo au kubeba magunia siku ya soko Tala ni kibarua halisi. Jioni anapewa pesa zake, wanaagana, na hakuna anayemdai mwenzake notisi. Sheria haikatazi kazi ya aina hiyo, na hakuna sababu ya kuikataza, kwa kuwa nyumba nyingi katika kaunti hii huishi kwayo.

Kinachokatazwa ni kulitumia jina hilo kuficha ajira ya kudumu. Kifungu cha 37 cha Sheria hiyo kimeweka milango miwili ya kutoka kwenye ukibarua. Wa kwanza ni muda. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, ajira yake inahesabiwa kuwa ya kulipwa kwa mwezi. Wa pili ni kazi yenyewe. Ikiwa kazi aliyopewa haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, ajira inabadilika vilevile. Kushona mashati katika kiwanda kinachouza nje mwaka mzima, kufagia ghala lililo wazi kila siku au kulinda lango si kazi za kuisha Ijumaa.

Katika kuhesabu siku hizo, kuna jambo ambalo vibarua wengi hawaambiwi. Baada ya siku sita mfululizo za kazi, kibarua huhesabiwa kuwa anastahili siku moja ya mapumziko yenye malipo. Siku hiyo, pamoja na sikukuu yoyote ya umma inayoangukia katikati, inaingizwa katika hesabu ya siku za kazi. Kwa hivyo Jumapili haivunji mfululizo. Anayefunga mashine Jumamosi jioni na kuifungua Jumatatu asubuhi hajaanza upya.

Ajira ikishageuka kuwa ya mwezi, kuachishwa kwa kuambiwa langoni kunakoma. Anayetaka kuivunja, awe mwajiri au mfanyakazi, hutoa notisi ya maandishi ya siku 28 au kulipa mshahara wa kipindi hicho. Na mtu akifikisha miezi miwili tangu siku ya kwanza aliyoingia kama kibarua, anastahili masharti yote ya Sheria kana kwamba hakuwahi kuwa kibarua. Masharti hayo ni pamoja na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kamili kwa kila miezi 12, na likizo ya ugonjwa isiyopungua siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Mama anayejifungua ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba ana wiki mbili.

Likizo ya uzazi ndiyo inayoumiza zaidi inapokosekana. Katika viwanda vya nguo wafanyakazi wengi ni wanawake vijana. Mama anayeambiwa kwamba vibarua hawazai kwa gharama ya kampuni, naye amekuwa kwenye mashine hiyo miezi kumi, anaambiwa jambo ambalo Sheria imelikataa.

Malalamiko ya namna hii si mageni Athi River. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, lilitokana na sheria ya mwaka 1990, na likapata nguvu mpya mwaka 2000 Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika chini ya mpango wa AGOA. Ajira zikaja kwa maelfu. Mapema mwaka 2003, muda mfupi baada ya serikali ya Narc kuingia madarakani, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda hivyo waligoma. Miaka minne baadaye Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja, Sheria ya Ajira ikiwa mojawapo. Na tangu mwaka 2010, Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hakibagui kibarua na mwajiriwa wa kudumu.

Sasa, wapo waajiri wanaoijua Sheria vizuri na hutafuta njia ya kuikwepa. Mfanyakazi husimamishwa siku chache kabla ya mwezi kuisha, kisha huitwa tena na kuandikwa upya. Wengine huwahamishia wafanyakazi kwa kampuni ya uwakala, kisha mtu hajui tena bosi wake ni nani. Wapo pia wanaobadilisha jina la malipo na kusema ni kazi ya kipande. Hila hizi haziwasaidii waajiri kila wakati, kwa sababu Kifungu cha 37 kinaipa mahakama uwezo wa kutazama hali halisi, kurekebisha masharti ya kibarua na kutangaza kwamba ameajiriwa kwa masharti yanayolingana na Sheria. Lakini mahakama hutazama kinacholetwa mbele yake.

Hapo ndipo kesi nyingi huanguka. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wafanyakazi 68 wa kampuni moja ya chumvi huko pwani, waliodai kwamba kazi yao ya muda mrefu iliwafanya waajiriwa wa kawaida. Majaji walitofautisha aina nne za ajira: ya muda usiotajwa, ya muda maalumu, ya kipande na ya kibarua. Wafanyakazi walishindwa. Anayedai kwamba alifanya kazi mfululizo anatakiwa kuonyesha mfululizo huo, na anayelipwa kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi aliyomaliza, hapewi moja kwa moja mabadiliko yaliyowekewa kibarua. Mchuma kahawa wa Kangundo au Matungulu anayelipwa kwa debe, na fundi anayelipwa kwa idadi ya suruali alizoshona, wanafaa kulijua hilo kabla ya kwenda kudai.

Ushahidi basi ni wa kutunzwa tangu siku ya kwanza. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo kila Jumamosi kutoka nambari moja una uzito kuliko maneno ya shahidi aliyesahau tarehe. Kadi ya kazi, beji ya lango, picha ya karatasi ya mahudhurio, ujumbe wa msimamizi unaosema "kesho njoo mapema", vyote husaidia. Daftari dogo la kuandika siku na saa za kazi halidharauliwi, hasa likiandikwa siku hiyohiyo na si usiku wa kuamkia mahakamani.

Upande wa pili, Sheria imemtwika mwajiri mzigo wa karatasi. Ajira ya miezi mitatu au zaidi, au ya kazi isiyotarajiwa kuisha kabla ya miezi mitatu, lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni wajibu wa mwajiri, si wa mfanyakazi. Asiyejua kusoma husomewa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, iwe Kikamba au Kiswahili, kabla ya kuweka kidole gumba. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa mkataba au maelezo ya ajira, ni juu yake kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anadai walikubaliana. Kwa hiyo mwajiri asiyeandika chochote hajajilinda, na wengi hawalitambui hili hadi wakili awaambie.

Kwa mwajiri mwenye kazi ya msimu ipo njia halali na rahisi: mkataba wa muda maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, hata kama ni karatasi moja. Muda wake ukifika mkataba unaisha wenyewe, na kwa kawaida mahakama hazimpi mfanyakazi haki ya kudai urefushwe, isipokuwa mwajiri mwenyewe amempa sababu ya kutarajia hivyo. Mfanyakazi anapata likizo na haki zake kwa kipindi hicho na anajua mapema atakuwa bila kazi lini. Si usalama mkubwa, lakini unashinda kuhesabiwa vichwa langoni.

Suala la pili ni malipo, na hapa Machakos ina jambo lake. Kima cha chini cha mshahara nchini Kenya si kimoja. Amri ya Mishahara hupanga nchi kwa safu tatu: majiji makubwa kama Nairobi na Mombasa, kisha zilizokuwa manispaa pamoja na miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha maeneo mengine yote. Mavoko imetajwa kwa jina. Mji wa Machakos ulikuwa manispaa, kwa hivyo umo katika safu hiyohiyo ya pili. Vituo kama Mwala, Masinga na Kathiani vimo katika safu ya tatu.

Baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Siku ya Wafanyakazi, Mei 1, 2024, na kuanza kutumika Novemba 1 mwaka huo, mshahara wa msingi wa daraja la chini kabisa ulifika Sh16,113 na senti kwa mwezi jijini Nairobi, Sh14,866 na senti Mavoko na mjini Machakos, na Sh8,596 na senti katika maeneo mengine. Daraja hilo linajumuisha mfanyakazi wa kawaida, mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana, yaya na mfanyakazi wa nyumbani. Kumbe basi, ndani ya kaunti moja, anayefagia duka Mlolongo na anayefagia duka Masinga wametenganishwa na zaidi ya Sh6,200 kwa mwezi, na wote wawili wanalipwa kihalali. Bei ya unga haikutenganishwa kwa kiasi hicho. Lakini ndivyo Amri ilivyo, na anayedai anafaa kudai kwa safu ya mahali anapofanyia kazi, wala si mahali anapolala.

Takwimu hizo ni za mshahara wa msingi. Juu yake mwajiri asiyempa mfanyakazi nyumba humwongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Kwa Mavoko hiyo ni takriban Sh2,230, na jumla inafika karibu Sh17,097. Yaya anayelala kwa mwajiri wake Syokimau hadai hiyo asilimia 15, lakini Sh14,866 za msingi ni zake, hata kama mtaani wamezoea kulipa chini ya hapo. Makubaliano ya kulipwa chini ya kima cha chini hayana nguvu hata yakiwa na sahihi za pande zote mbili. Kwa kibarua halisi wa siku, Amri ina safu yake ya kiwango cha siku na cha saa, na hiyo ndiyo ya kuangaliwa badala ya kugawa mshahara wa mwezi. Viwango vya mashamba vina amri yao, navyo viko chini ya vya mjini. Kwa kuwa viwango hupandishwa mara kwa mara, ni vizuri kuuliza ofisi ya leba kabla ya kudai.

Kwa wanaofuata Amri ya jumla, wiki ya kazi ni saa 52 kwa siku sita. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inayolipwa mara moja na nusu ya kiwango cha saa siku za kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu.

Kutoka kwenye Sh17,097 hizo kuna makato ya kisheria. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, karibu Sh470. Ada ya Nyumba za Bei Nafuu ni asilimia 1.5, karibu Sh256, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. NSSF ni asilimia 6, karibu Sh1,026, na mwajiri pia hutoa sawa. Kodi ya mapato haipo, kwa sababu kiwango hicho kiko chini ya Sh24,000. Mkononi hubaki takriban Sh15,340. Mfanyakazi anayekatwa zaidi ya hapo bila maelezo ana haki ya kuuliza, na mwajiri analazimika kumpa hati ya mshahara inayoonyesha kila kato. Jumla ya makato yote, hata ya mkopo, haifai kupita theluthi mbili ya mshahara.

Anayekatwa NSSF kila mwezi bila pesa kufika kwenye akaunti yake amepoteza mara mbili. Sheria ya Ajira inatoa malipo ya huduma kwa kila mwaka aliofanya kazi mtu anayeachishwa kwa notisi, lakini inamwondoa aliye mwanachama wa NSSF. Kuuliza taarifa ya akaunti NSSF mara moja kwa mwaka ni kazi ya dakika chache.

Je, Sheria hii inamgusa mwajiri wa umma? Inamgusa. Waliowekwa nje yake ni wachache, kama vile wanajeshi, polisi na askari wa magereza. Serikali ya kaunti, bodi zake, na wakandarasi wanaojenga barabara na masoko kwa pesa za kaunti wote wako ndani. Kibarua anayefagia soko chini ya kaunti mwezi baada ya mwezi anahesabiwa kwa Kifungu cha 37 kama yule wa kiwandani. Kupunguza kazi pia kuna utaratibu wake: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa mfanyakazi au chama chake na kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi.

Hata hivyo, wakazi wanaofika katika ofisi za kaunti kulalamika kuhusu mishahara huelekezwa kwingine, na baadhi huona wanazungushwa. Sababu iko katika Katiba. Jedwali la Nne limeweka viwango vya kazi mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Afisa wa leba wa Machakos ni wa Wizara ya Leba, si wa Gavana, na ndiye mwenye mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua rekodi na kumwita mwajiri. Kupeleka malalamiko kwake hakulipiwi. Maafisa hawa ni wachache ukilinganisha na viwanda, kwa hiyo anayefika na karatasi zake zikiwa zimepangwa kwa tarehe husaidiwa haraka kuliko anayefika na hadithi.

Muda nao unahesabiwa. Aliyeachishwa isivyo haki hupeleka lalama kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kwenda mahakamani kwa jumla ni ndani ya miaka mitatu, lakini kosa lililokuwa likiendelea, kama kulipwa kidogo mwezi baada ya mwezi, linaweza kuhesabiwa miezi 12 tu tangu lilipokoma. Aliyekuwa akipata hadi Sh80,000 kwa mwezi halazimiki kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwani mahakimu kuanzia cheo cha Hakimu Mkazi Mwandamizi wanaweza kusikiliza kesi yake karibu na nyumbani. Mahakama ikiona ameonewa inaweza kuamuru alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, pamoja na notisi na likizo alizonyimwa.

Kabla ya kufika huko, mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa kosa au kwa utendaji mbaya ana hatua ya kufuata. Humwita, humweleza sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama, kisha humsikiliza. Hata mwenye kosa la wazi husikilizwa kwanza. Waajiri wengi hushindwa kesi kwa kuruka hatua hii pekee, si kwa kukosa sababu.

Na siku ya kuondoka, yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi anastahili cheti cha huduma chenye jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na aina ya kazi. Mwajiri anayekataa kukitoa anatenda kosa linaloweza kumtoza faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Aliyepita lango la kiwanda miaka mitatu akiitwa kibarua anaweza kukiomba.